Damu Isiyotaka Barafu

Jumatatu, 25 Agosti 2003

Samahani. Wiki tatu sijaandika. Hakuna mtu wa kuombwa msamaha hapa, daftari ni langu, lakini siku hizi naomba msamaha hata kwa kuku.

Daktari Mueni alinipa hili daftari mwezi wa sita. Alisema niandike kila siku: doa jipya kwa ngozi, damu ya pua, joto, chakula. Huko mbele ni kwake. Nimeligeuza kichwa chini nikaanza huku nyuma. Huku ni kwangu.

Leo: uji. Mtoto mchanga, Kyalo, mgongoni. Maji mara mbili. Kuni. Mumbua ako na doa jipya gotini, rangi ya zambarau, na hakuanguka popote. Hilo nimeandika mbele. Huku naandika kwamba nimechoka. Nimechoka mpaka mifupa.

Mumbua ana miaka saba. Ukimwona utasema mitano. Alizaliwa bila kidole gumba cha kushoto, na mgongoni ako na mabaka kama mtu alimmwagia chai. Shuleni akihesabu anamaliza vidole tisa halafu anagusa pua. Kumi ni pua. Mwalimu alicheka, na sasa darasa la kwanza lote wanahesabu hivyo, hata wenye vidole vyao vyote.

Jana alikuja mbio kutoka kwa mbuzi. "Mami, kumi inavuja!" Damu mpaka kidevuni. Nilicheka, kwa sababu yeye alikuwa anacheka. Halafu nikaenda nyuma ya jikoni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.


Alhamisi, 28 Agosti

Mwethya leo, kazi yetu ya pamoja, shamba la Kalekye. Tulikuwa wanawake kumi na wanne. Wengine wanachimba mtaro, wengine wanarusha udongo juu. Mimi nashika kamba ya kupimia. Kazi rahisi, wanasema, ya mtu mwenye mtoto mgongoni. Lakini nisipofika hawaanzi. Mtaro usiopimwa unalala upande mmoja na mvua ya kwanza inaupasua.

Daktari alitupata huko huko. Alikuwa amekuja kumwona Mumbua, akapanda mlima na viatu vya town. Ni msichana wa Muthetheni, anaongea Kikamba kama sisi, lakini kazi yake iko maabara Nairobi, na wenzake wengine wako ng'ambo. Alikaa juu ya udongo akanieleza mbele ya wote. Sikukataa. Hawa wanajua kila kitu changu.

Nataka kuandika vile alisema kabla nisahau. Ndani ya kila seli ya mtu kuna uzi mrefu, na kwa huo uzi kuna maagizo yote ya mwili. Seli ikitaka kuwa mbili, uzi unafunguka na kunakiliwa, ili kila moja ipate wake. Saa zingine kazi ya kunakili inakwama, au uzi unakatika. Hapo linakuja kundi la protini kutengeneza. Si moja, ni kundi zima, na lazima washikane kwanza ndio wafanye kazi. Wamepewa herufi badala ya majina. Hata hawajamaliza kuwahesabu. Ndiyo kazi yake yeye, kuwatafuta wote na kujua nani anamshika nani.

Akaangalia majembe yetu. "Ni kama hii mwethya yenu. Nafikiri kwa Mumbua kuna mmoja ambaye hajawahi kuja."

Kalekye akasimamisha jembe. "Si mumtoze faini ya kuku kama sisi! Siku moja tu, kesho atafika wa kwanza."

Tulicheka sana. Daktari alicheka mpaka akapangusa macho. Na mimi. Mchana ule ulikuwa mzuri, niseme ukweli.

Njiani ndio aliniambia yaliyobaki. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, na kule kunakili hakupumziki, ndiyo maana damu inashindwa kabla ya kitu kingine. Ikiwa ni huo ugonjwa wa kukosa mmoja wa kundi, kuna vidonge vinavyoweza kuinua damu. Kuponya hapana. Kuinua, kwa muda. Lakini vinaumiza ini, hawezi kumpa mtoto kwa kubahatisha. Lazima apime kwanza. Atatia damu ya Mumbua dawa ya kukata ule uzi, aone kama seli zinajua kujitengeneza. Kwa hivyo damu ifike ikiwa hai.

Sikujua damu inaweza kufika ikiwa imekufa.


Ijumaa, 5 Septemba

Sista wa dispensari alitoa damu asubuhi. Mrija wenye kifuniko cha kijani. Mumbua hakulia. Alimwambia sista, "Usimalize, nyingine ni ya pua."

Daktari alikuwa ameniambia: ifunge kwa kitambaa, iweke karibu na mwili, kama kifaranga. Isipigwe na jua. Isipoe. Nilishuka nayo town kifuani. Gari la maabara lilikuwa lije saa sita.

Halikuja. Saa nane nikampigia kwa simu ya kulipia. Gari limeharibika, dereva atafika kesho asubuhi. Akasema nisijali, ikae tu kwa kitambaa, hata siku mbili haina neno.

Kyalo nilimwacha kwa Susu, mama mkwe. Maziwa yalikuwa yameloweka blauzi. Lazima nirudi nyumbani Kalama, na kesho dereva anakuja mapema kuliko mimi. Nikaenda kwa Mama Salma kule Majengo. Ni mtu mzuri, watu wake walitoka pwani zamani, anauza samaki na barafu za watoto. Nikamwomba aniwekee mpaka kesho, kisha ampelekee dereva. Akaangalia kile kitambaa. "Mwanangu, hii si damu? Ikilala nje na joto hili si itaoza?"

Nikafikiria. Nimepeleka watoto wawili chanjo. Kila mara nimeona kile kisanduku cha buluu na vipande vya barafu, na sista akifunga haraka ili baridi isitoke. Hakuna mama hapa asiyejua hivyo. Kitu cha hospitali kinawekwa kwa baridi. Nikajiambia, daktari ni msichana bado, hajawahi kuzaa, labda aliteleza ulimi.

Mama Salma akasema Bismillahi, akaiweka katikati ya barafu, chini kabisa kwenye friza, akaifunika vizuri.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi.


Jumamosi, 6 Septemba

Dereva alichukua. Mama Salma alituma salamu hizo na mwenye duka wa hapa kijijini. Vizuri.

Mumbua alikula muthokoi sahani nzima.


Jumatano, 17 Septemba

Sista aliniita dispensari nije kwa simu. Daktari alikuwa upande ule mwingine.

Damu ilifika imekufa. Seli zote zimepasuka. Zikiganda zinapasuka kama chupa ya soda ukiisahau kwa friza. Aliniuliza polepole ilikuwa wapi. Nikamwambia.

Halafu akasema, "Nilikuambia kama kifaranga, Mwikali."

Angenitukana ingekuwa afadhali.

Alinielewesha kwamba chanjo ni chanjo, hiyo ndiyo inapenda baridi. Hii ilikuwa sehemu ya Mumbua, na ilitaka joto la Mumbua. Nilikuwa nayo hapa kifuani, ikiwa na joto langu, nikaitoa nikaiweka kwa barafu. Kwa sababu nilijiona mjanja.

Analeta mirija mingine wiki ijayo. Ni wiki moja tu, amesema.

Mbele nimeandika: madoa matatu, pua mara mbili. Huku naandika: ni mimi.


Jumanne, 23 Septemba

Tuko hospitali. Jumamosi pua ilianza saa tatu asubuhi na saa tano ilikuwa bado. Mumbua alikuwa mweupe kama unga. Kalekye na wenzake walimbeba kwa shuka mpaka barabarani. Akaongezwa damu. Wa hapa hospitali hawakusubiri mtu, na nashukuru hawakusubiri.

Daktari amekuja leo na mirija yake. Amesimama kando ya kitanda akaangalia ile pinti inayoning'inia. Damu ya Mumbua sasa imechanganyika na ya watu wengine, kwa hivyo akipima atakuwa anapima wageni. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na mirija mkononi, akairudisha kwa mkoba mmoja mmoja.

Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa yake peke yake.


Alhamisi, 25 Septemba

Mama Salma alikuja na chupa ya uji na kaimati. Ameketi akalia. "Ni mkono wangu huu, mwanangu." Nimemkatalia. Yeye hakuambiwa kitu na mtu yeyote. Mimi ndiye niliambiwa. Nimemwambia asirudie tena kusema hivyo mbele ya mtoto. Labda nimesema kwa ukali. Mumbua alikula kaimati tatu na akauliza kama friza ya Mama Salma inatosha mtu kulala ndani. Mama Salma alicheka huku analia.

Musyoka, mume wangu, amefika kutoka Mlolongo. Bado na vumbi la machimbo kwa nyusi. Alivua shati hata kabla hajaambiwa, akatoa damu yake pinti nzima iwekwe kwa Mumbua. Ni baba mzuri. Nataka hilo liandikwe pahali.

Halafu daktari akamwomba kidogo tu ya kupima, kwa sababu ugonjwa ukiwa ndio huo, umetoka kwa wazazi wote wawili, nusu kwa nusu, bila wao kujua. Na Kyalo pia apimwe. Musyoka alikataa. Ati kwao hakuna kitu kama hicho. Hayo ni maneno ya Susu. Susu amesema tangu Mumbua azaliwe kwamba kidole kilipotea upande wangu.

Musyoka akaniuliza nje pale kwa maua, "Ukijua ya Kyalo, utafanya nini?"

Alitoa pinti nzima na kijiko kimoja hataki.


Jumatatu, 6 Oktoba

Kuna njia nyingine. Ngozi. Watu waliompa damu hawakumpa ngozi, hiyo bado ni yake. Kipande kama punje ya dengu, kinachokatwa hadi ndani. Wanakipanda kwa maji ya chakula, seli zinaota.

Nimesema hapana. Mtoto ametobolewa vya kutosha. Yeye anajikuna tu na damu inatoka saa nzima, sasa mtu aje na kisu? Na itachukua wiki nyingi kuota. Niliuliza daktari usoni: vitamfikia hivyo vidonge? Akasema labda. Halafu akasema, pengine havitafika kwa wakati. Nilimpenda kwa kutonidanganya. Nilimchukia pia.


Jumatatu, 13 Oktoba

Mumbua alitusikia. Tunafikiri watoto hawasikii.

Aliniuliza kama wakikata, kidole chake kitamea. Nikasema hapana. Akauliza kama pua itanyamaza. Nikasema sijui. "Sasa ni ya nani?" Nikamwambia ni ili tujue kama Kyalo ako na huu ugonjwa. Sikutaka kumwambia, lakini sijawahi kumdanganya na sikutaka kuanza hospitali.

Alifikiria, huku amefunga macho. Nilidhani amelala. Akasema, "Wakate hapa," akaonyesha ndani ya mkono, juu, pahali sare ya shule inafunika. "Lakini maembe ya Kyalo ni yangu mpaka awe mkubwa." Daktari akamwambia ni sawa. "Wewe si mwenye maembe," Mumbua akamwambia. "Mami aseme."

Nikasema ni sawa.

Walimdunga ganzi, wakakata. Nilishika kidonda na pamba kwa mikono yangu, hesabu ya pumzi mia nyingi sana. Damu ilisimama.


Jumanne, 14 Oktoba

Sikumpa dereva. Nilikaa ndani ya gari mwenyewe mpaka maabara. Kichupa kidogo chenye maji ya rangi ya waridi, na ndani yake kile kipande. Nilikifunga kwa kitambaa cha manjano cha Mumbua, kile cha kichwa, nikakiweka kifuani, katikati ya maziwa. Dereva aliwasha kiyoyozi, nikamwambia azime. Akaniangalia. Nikamwambia azime tena.

Maabara ni nyeupe na ina harufu ya spiriti. Kuna kabati la joto. Daktari alifungua nikatia mkono. Ni joto la mtu. La mtoto asiye na homa. Nikampa kichupa na kitambaa chake vyote, nikaondoka haraka nisije nikalia mbele ya wasomi.

Kitambaa nimekisahau huko.


Jumamosi, 25 Oktoba

Tuko nyumbani tangu jana. Haendi shule. Anakaa mlangoni na kumfundisha Kyalo kuhesabu. Kyalo ana miezi minane, anakula tu vile vidole.

Kila asubuhi nahesabu vidole vya Kyalo. Kumi. Pua yake ni pua tu. Daktari amesema vidole havitoshi kuniambia, wengine wanazaliwa kamili na bado wanaugua. Nahesabu tu.

Wanawake wa mwethya walichimba mtaro wangu nikiwa hospitali. Bila kuambiwa. Bila kamba, kwa sababu kamba ilikuwa kwangu, ndani ya nyumba iliyofungwa. Nimepita leo nikaangalia. Umelala upande wa mto. Naona kwa macho tu. Kalekye alisimama kando yangu akiwa na furaha. Nimemwambia asante, na kweli ni asante.


Jumanne, 4 Novemba

Mvua imefika. Ilinyesha alfajiri, kubwa. Saa mbili nilienda shambani, mtaro umepasuka upande ule ule. Udongo wote chini. Mahindi niliyopanda kwa vumbi kabla ya mvua yamekwenda na maji.

Mumbua alitaka kuona. Alizaliwa siku ya mvua, ndio tukamwita hivyo, na kila mvua anasema ni yake. Nilimbeba mgongoni. Kyalo nilimpa Susu. Mumbua ni mwepesi kuliko Kyalo sasa. Tulisimama pale palipopasuka.

"Nani alipima?"

"Hakuna."

"Wewe ulikuwa wapi, Mami?"

"Nilikuwa na wewe."

Akaweka kidevu kwa bega langu. Tukakaa hivyo mpaka nyonyota ikaanza tena.


Ijumaa, 7 Novemba

Mumbua amekufa leo saa nne asubuhi. Pua ilianza na haikusimama. Tulikuwa tumefika tu dispensari.

Mbele sijui niandike nini.


Alhamisi, 13 Novemba

Tulimzika Jumatatu, juu ya shamba, pahali maji hayafiki. Musyoka alichimba mwenyewe. Hakutaka kusaidiwa. Mama Salma alikuja na wanawake wawili wa Majengo, wakapika na wenzetu, hakuna aliyeuliza nani ni wa dini gani.

Sina machozi. Ninayo maziwa tu, na Kyalo anayataka. Asubuhi niliweka uji kwa vikombe viwili. Nikaangalia kile cha pili. Nikakunywa mimi.

Ningeiacha kifuani siku ile ya Septemba. Labda vidonge vingekuja. Labda visingefanya kazi. Daktari anasema hakuna anayejua, na najua anasema kweli. Haisaidii.

Kalekye amekuja leo na majembe kumi na mawili nyuma yake. Akaingia ndani ya nyumba, akachukua kamba kwenye msumari, akanipa mkononi. "Shika." Sikutaka. Akasema, "Hatuanzi." Wote wakasimama tu pale kwa jua wananingoja.

Nilishika. Tulichimba upya mpaka saa tisa. Sasa umelala sawa.


Jumamosi, 6 Desemba

Daktari alikuja. Alikuwa na barua kutoka kwa wenzake lakini hakusoma, alisema kwa mdomo. Susu alikuwepo, anachambua pojo. Sikumwambia atoke.

Seli za Mumbua ziliota. Wao wanafanya hivi: wanamshika mmoja wa lile kundi, kama kwa ndoano, wanamvuta, halafu wanaangalia nani amekuja ameshikana naye. Kwa mtu mwenye afya wanakuja wengi pamoja. Kwa Mumbua walivuta na hakuja mtu. Kila mmoja alikuwa peke yake pahali pake. Wako, lakini hawajakaa pamoja, kwa sababu mmoja hayuko, na bila yeye hawajui kushikana.

Wakajaribu kumpa wale wanaowajua, herufi kwa herufi. Huyu, hapana. Huyu, hapana. Walipompa mmoja, wengine wote wakaja wakashikana. Wakatia ile dawa ya kukata uzi, na uzi ukatengenezwa.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo amepona?"

Alinishika mkono. "Kwa chupa, Mwikali. Kwa chupa tu."

Ziko ndani ya lile kabati la joto. Bado zinagawanyika. Alitaka kujua kama wazitupe au zikae, kwa sababu zinawafundisha vitu ambavyo hawakuvijua juu ya lile kundi. Nilihisi wivu. Sijawahi kuhisi wivu kama huo, wivu wa chupa. Nikasema zikae. Kisha nikasema, lakini msiziweke kwa barafu. Akatoa kalamu akaandika, mbele yangu. Halafu akaniambia, polepole, kuna dawa ya kuzigandisha bila kupasuka, lakini hataitumia kabla ya kuniuliza mimi.

Ile kasoro ni nusu yangu na nusu ya Musyoka. Alisema hivyo wazi. Kyalo anaweza kuwa nayo, anaweza kuwa hana. Akiwa nayo, tukijua mapema, vidonge vitakuwa tayari kabla damu haijashuka.

Hilo ndilo jibu la lile swali la Musyoka pale kwa maua. Ningefanya nini? Ningekuwa tayari.

Susu aliacha pojo. Akamchukua Kyalo kwa mapaja, akafungua mkono wake akaanza kuhesabu vidole, pole pole, na alipofika kumi akagusa pua yake.

Nilienda nje.


Jumanne, 9 Desemba

Mvua imekatika kidogo. Kunde zimetoka vizuri juu ya mtaro.

Musyoka ametuma neno. Atakuja Ijumaa, sikukuu ya Jamhuri, na amesema atatoa ile damu ya kupima. Susu naye amesema ya kwake ichukuliwe pia kama inahitajika. Nimemwambia si lazima. Akasema ichukuliwe.

Daftari limeisha. Kurasa za daktari kutoka mbele na zangu kutoka nyuma zimekutana, kumebaki huu upande mmoja. Naandika hapa ninavyohitaji kuletewa, kesho sista amsomee daktari kwa simu.

Mirija minne ya kifuniko cha kijani. Mmoja uwe ule mdogo, wa Kyalo.

Sindano nyembamba ya mtoto.

Karatasi ya maagizo kwa Kikamba au Kiswahili, si Kiingereza. Nakala tatu. Moja ya sista. Moja yangu. Moja ya Mama Salma, ameomba abandike kwa mlango wa friza.

Dereva aje mpaka Kalama Jumamosi asubuhi. Nitaketi ndani mimi mwenyewe.

Kisanduku hakihitajiki. Barafu, hapana.

Daftari lingine.

Kitambaa cha manjano cha Mumbua. Kiko huko maabara. Kisifuliwe.